Taa Nyekundu ya Katsuva

Miaka ile tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani mwananchi, komite ya soko la Nyakasanza iliita mkutano wa kugawa kibanda cha mlangoni. Katsuva, muuza betri za redio, alikuwa amechoka kunyeshewa barabarani, na akili ikaanza kumchemka. Kibanda kile kila mtu angekiomba, na sisi watu wa Bunia tukishapewa nafasi ya kusema, kutukalisha ni kazi.

"Citoyen Président," akamwambia mkubwa wa komite, "batu batasema mupaka kesho. Miye niko na mashine."

Mashine yenyewe, tuipe heshima zake, ilikuwa vifuniko vya bia vilivyopakwa namba, na taa nyekundu iliyofungwa kwenye betri. Unaitwa kwa namba yako. Dakika mbili zikiisha, Président anawasha taa, unakaa. Komite ikapiga makofi. Basi namba za mbele zikawa zinapatikana nyuma ya nyumba ya Katsuva, kwa kuku. Mimi nilipeleka jogoo, nikapata ya sita, nikajiona mjanja kweli. Namba moja Katsuva alijiwekea mwenyewe.

Ya mwisho hakuna aliyeitaka, ila Kahindo, muuza samaki.

"Unipatie ile, baba. Bure, eh?"

"Mama Kahindo, weye utasema wakati batu bote banalala!"

"Haina neno."

Siku ikafika. Katsuva akasimama wa kwanza, suti yake ya abakosti imepigwa pasi. Akasalimu Président, makamu, katibu, wazee, wamama, na wageni waliotoka Boga. Taa ikawaka. Kibanda alikuwa hajakitaja. Akaketi, maana sheria ilikuwa yake.

Usidhani tulijifunza. Mtu mwenye adabu ataombaje kabla ya kusalimu? Mimi taa iliniwakia nikiwa bado namsalimu mke wa makamu, na jogoo wangu alikuwa ameshaliwa. Iliniuma sana.

Mwisho akasimama Kahindo.

"Bakubwa, mumeshasalimiwa bote. Miye naomba kibanda."

Akaketi. Komite, njaa inawauma, ikampa palepale, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekiomba. Sisi wenye kuku tukamgeukia Katsuva. Akatorokea dirishani, mashine akaiacha mezani.

Mvua ya kesho yake ilimleta mbele ya kibanda, amekumbatia katoni yake ya betri, anatafuta kajipembe ka kujibanza.

"Jambo, mama Kahindo. Bwana yako iko muzima? Na batoto? Na bashemeji ya Boga..."

Kahindo akapeleka mkono chini ya meza ya samaki. Taa nyekundu ikawaka.

Katsuva, kwa mazoea, akaketi. Kwenye tope.