Wiki Sita za Mgongo wa Ponidi

Ponidi, mbeba magunia ya sukari katika ghala moja la bandari ya Surabaya, alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki maji. Siku alipochungulia karatasi iliyokuwa mezani kwa Nesi Hartiwi, nesi mpya wa ghala, alijua riziki imemfuata kwa miguu yake.

Karatasi ilitaja dalili za mtu ambaye maumivu ya kiuno yatachelewa kumtoka: anaogopa kuinama, anashinda kitandani, hampendi msimamizi wake, maumivu yanashuka mguuni, na ameshakata tamaa ya kupona. Chini yake paliandikwa: wiki sita.

"Ukiyasema hayo yote," aliwanong'oneza wenzake, "unapewa wiki sita nyumbani, mshahara palepale."

"Msimamizi simpendi kweli," alisema Wagiran, mnene wa kundi.

"Basi wewe nusu mgonjwa tayari, kaka! Nipe pakiti mbili za sigara, nikufundishe nusu iliyobaki."

Wanne walilipa, wakafunzwa kuguna kitaalamu. Jumatatu wakaingia kwa nesi mmoja mmoja. Wagiran alitoka wa mwisho, akichechemea.

"Vipi?" Ponidi aliuliza.

"Wiki sita, kaka. Wote."

Tamaa ikampanda Ponidi. Mashindano ya ndege waimbao yalikaribia, na ndege wake alihitaji mtu wa kushinda naye kutwa. Akajishika kiuno, akaingia kwa nesi nusura atambae. Machozi aliyotoa ungedhani ya kweli kabisa. Hata akikohoa, alisema, anachomwa hadi kisiginoni.

"Pole, baba. Unaamini utapona?"

"Mimi? Nesi, nimeshawaaga watoto."

"Basi wewe ndiye wangu hasa! Anayeelekea kuchelewa kupona simwachi alale nyumbani. Kitanda na hofu ndivyo vinavyomchelewesha. Wiki sita, kila alfajiri, uko nami uani: kutembea, kuinama, kunyanyua kidogokidogo. Na msimamizi usiyempenda atafanya mazoezi ubavuni mwako, mzoeane."

Kesho yake alfajiri, wateja wake wanne walikuwa uani wameinama mstari mmoja, makalio juu.

"Wagiran! Si ulisema wiki sita?"

"Kwani si sita?" Wagiran alijibu bila kuinuka. "Tulikuona mpweke, kaka. Nafasi yako ile pale mbele."

Msimamizi alikuwa ameshajipanga, akitabasamu.

"Haya, ndugu yangu," akasema, "tuiname."

Ponidi akainama. Kiuno, ambacho tangu azaliwe hakijawahi kumuuma, kikalia ko!