Stata ya Kangeta

Jumatatu, 4 Agosti
Boti imegoma. Nimebonyeza stata ya kuwasha injini, ikasema tik. Tena, tik. Siku za karibuni nilikuwa naigonga nyundo kidogo inaamka. Leo hata nyundo imedharauliwa. Abiria wote wa kuvuka bwawa la Kiambere wameshuka, wakaingia boti ya jirani yangu Nelius, ile mpya ya bluu. Nelius akanipa pole. Pole tamu mno!

Jioni akaja mama mkwe. Akikasirika haongei na mimi. Huongea na mtoto wangu, kwa kuwa wana jina moja, Ciakuthii. Akamwambia: wajina, mwambie mama yako injini hii aliiacha babu yako. Jumapili isipovusha kwaya ya kanisa, naiuza kwa watu wa vyuma vikuukuu. Nikamwambia mtoto amjibu wajina wake kwamba itawaka. Mtoto akatafuna ufunguo.

Boti ndiyo unga wetu. Baba Ciakuthii yuko Embu mjini kwa mjengo, na mjengo umesimama.

Jumanne, 5 Agosti
Fundi Mugendi ameifungua stata. Kaboni zimeisha, koili imeungua. Ataisuka upya, ila mpaka Jumatatu. Nikamwuliza kama kwaya itavuka kwa maombi. Akasema tuwe na subira, akaweka majani ya muguka shavuni.

Subira sina. Akili ninayo. Mimi ni mtu wa Igembe, kunakolimwa miraa, huku Mbeere nimeolewa tu. Na kwetu Kangeta hata mtoto anajua: pikapu ya miraa haikatai kuwaka. Haiwezi! Miraa itanyauka. Nimempigia binamu yangu Kiunga, anayefungua pikapu zilizochoka na kuuza vipuri. Nikamwambia anitumie stata. Akauliza ya injini gani. Nikamwambia ya kuwaka.

Alhamisi, 7 Agosti
Imefika! Kiunga ameifunga kwa majani ya migomba, barabara, kama miraa ya kusafirishwa. Wanaume wakanifuata kutoka stendi, wapole ajabu. Mmoja akanibebea mtoto. Mwingine akaniita dada. Nilipofungua wakaona chuma. Mtoto nikarudishiwa papo hapo.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeifunga mwenyewe. Kwanza nikatoa waya za betri, mimi si mjinga. Boliti mbili zimeingia. Ya tatu imekataa, nikakaza kwa mpira wa tyubu. Mtoto amelala mgongoni, mate yake yakinitiririkia shingoni. Mgongo unauma. Lakini injini hii ikibaki, siku moja atashika usukani yeye. Nikakaza tena.

Mugendi akapita. Akauliza stata hii inazunguka upande gani. Nikamwambia upande wa Kitui, ng'ambo, kwani abiria huenda wapi? Akasema niifungue, niiunganishe na betri kwanza ikiwa chini, tuone. Nimekataa kabisa. Nelius angesikia. Mtego haujaribiwi mbele ya panya.

Jumapili, 10 Agosti
Kwaya imepanda, sare nyeupe pee. Nelius ufukoni, mikono kiunoni. Mama mkwe na kitambaa chake cha Krismasi. Nikabonyeza.

Ikawaka! Mara moja! Vigelegele! Halafu nikaona moshi mweusi unatokea pale injini inapovutia hewa. Nikatia gia ya mbele. Tukaenda nyuma.

Stata imeizungusha injini kinyume, nayo ikakubali kuwaka hivyo hivyo. Sikujua chuma kinaweza kuwa na tabia hiyo. Cicily, mwimbishaji, akaniuliza kwa adabu kama Kitui imehamishwa. Nikasema naipasha moto tu, waimbe. Wakaimba. Tukaigonga boti ya Nelius kwa matako. Nikakata dizeli.

Wanakwaya wakapita juu ya boti yetu kama daraja, wakaingia yake. Kila mmoja akaniambia asante. Nelius akanishukuru kwa kumletea abiria mpaka mlangoni.

Mama mkwe akamchukua mtoto. Nikasubiri hukumu, miguu ikiwa ndani ya maji. Akamfuta mate kidevuni. Kisha akamwambia: wajina, umeisikia? Injini ya babu yako bado ina pumzi. Watu wa vyuma wangoje. Lakini mwambie mama yako, spana amwachie Mugendi.

Jumanne, 12 Agosti
Jana Mugendi alirudisha stata ya zamani. Kugusa tu, ikanguruma, tukaenda mbele kama Wakristo. Mama mkwe alikaa mbele na wajina wake mapajani, akimwonyesha mahali babu alipozoea kuzima injini amsikilize kiboko. Maji yakaniingia machoni. Ya bwawa.

Nimetubu mbele ya wote. Haraka haina baraka. Kazi ya fundi aachiwe fundi.

Pampu ya maji inavuja kidogo. Mugendi anasema ataishughulikia Ijumaa. Ijumaa! Nimejificha nyuma ya choo nikampigia Kiunga. Pikapu ya miraa haichemki, haina nafasi hiyo. Akauliza pampu ya injini gani. Nikamwambia ya kutovuja.

Shahidi ni mtoto peke yake, mgongoni. Kusema bado, ila neno moja tu alilojifunza wiki hii: tik.