Pua Yangu Ilivyosingiziwa

Leo nimenuswa. Ndiyo, mimi, mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, baba wa watoto watatu, nimenuswa kuanzia puani kushuka chini mbele ya wanajumuiya kumi na watatu. Nawaandikia, ndugu na marafiki, nikiwa kitandani, shuka nimelivuta hadi machoni. Nimeona niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa kwetu Tlawi habari haingoji uji upoe.

Wengi mnajua nilifanyiwa upasuaji wa sainasi kule hospitali ya rufaa. Kwa wasiojua: walinilaza, wakaingiza vyuma puani, wakatoa vinyama vilivyokuwa vimeniziba miaka sita. (Miaka sita nafundisha desimali kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango.) Leo ni siku ya tisa. Pua imevimba, chini yake kuna bandeji iliyokaa kama masharubu meupe, masikio yameziba, na harufu sisikii hata kidogo. Daktari alisema itarudi baada ya wiki kadhaa, nisiwe na haraka.

Alinipa pia karatasi ya masharti. Nisipenge kamasi. Nisiiname. Nisinyanyue mzigo. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa herufi kubwa: IKITOKA HARUFU MBAYA PUANI, RUDI SIKU HIYO HIYO. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia na kuisahau.

Sasa leo asubuhi. Mke wangu, Mama Neema, ameniletea uji. Akaweka kikombe juu ya kigoda pale mlangoni, halafu akakisukuma kigoda kwa mguu kuja kwangu.

"Kunywa, Baba Neema. Nimeacha moto jikoni."

Akaondoka. Huyu mwanamke tangu juzi analala chumba cha watoto. Nilipomuuliza kulikoni, alisema chumba chetu kina joto. Joto! Tlawi, mwezi wa saba, asubuhi ukiongea unatoa moshi. Mimi mwenyewe nilikuwa na sweta, na juu ya sweta koti zito la mitumba lililoshonwa kwa ajili ya watu wa theluji, na bado meno yalikuwa yanagongana. Nikajiuliza huyu anasikia joto la wapi.

Saa nne akaja Mwalimu Sulle, tunayefundisha naye, kunipa pole. Akaketi. Akapewa chai. Akainua kikombe, akakishusha. Akahamia kiti cha karibu na dirisha. Akasimama. Akasema ana kikao. (Shule zimefungwa. Kikao na nani?) Alipofika mlangoni akageuka, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwalimu, yote tumwachie Mungu." Chai akaiacha nusu. Namjua Sulle miaka kumi na moja na sijawahi kumwona akiacha chai.

Watoto nao wakanisalimia kupitia dirishani. "Shikamoo baba," wakakimbia kabla sijasema marahaba.

Mimi ni mtu wa hesabu, nikaanza kujumlisha. Mke kahama chumba. Sulle kaacha chai. Watoto wananiamkia kutoka nje. Nikajumlisha tena, jibu likawa lile lile: ninakufa, wote wameshaambiwa, nimebaki mimi tu.

Nikaenda jikoni kwa Shangazi. Huyu ni dada yake marehemu baba. Aliolewa Getanuwas, kwa wafugaji, na aliposikia nimepasuliwa alikuja kwa pikipiki akiwa amempakata kondoo. Akamchinja siku hiyo hiyo kwa ajili ya mgonjwa, na tangu hapo yupo nyumbani ananiuguza. Shangazi hajui kuficha jambo. Ndiyo maana nilimfuata yeye.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba."

"Mnanificha nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona watu wananikimbia?"

Akaweka mwiko chini. "Kwani wewe hujui? Unanuka."

"Nanuka nini?"

"Kitu kilichokufa."

"Tangu lini?"

"Juzi. Jana ikazidi."

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Mgonjwa haambiwi ananuka," alisema. "Atakufa kwa aibu kabla ya ugonjwa."

Kisha akanieleza alivyoona yeye. Madaktari wamesahau kitu humo ndani, na hicho kitu kinaoza. Dawa ipo. Kuna mzee kwao Getanuwas anachemsha mizizi, anakumiminia puani, na kitu kinatoka chenyewe. Niliuliza kama inauma. Shangazi alisema watu huwa wanashikwa na vijana wanne.

Nikarudi chumbani, nikafungua Biblia, nikaisoma ile karatasi. Herufi kubwa zilikuwa pale pale. Siwafichi, niliogopa. Niliwaza kile kitanda cha magurudumu, ile taa ya juu, yule mtu aliyeniambia nihesabu moja hadi kumi nikaishia tatu. Niliwaza kuoza kunavyopanda kutoka puani kwenda kwenye ubongo. Na lililonichosha zaidi ni kwamba ushahidi wote ulikuwa kwenye pua za watu wengine. Nikachukua sabuni, nikanusa. Hakuna kitu. Nikanusa kitunguu saumu, nikanusa kopo la mafuta ya taa. Vyote vilikuwa sawa na maji. Hata ningekuwa mzoga nisingejua.

Nikamwita Mama Neema. Alisimama mlangoni, machozi yakaanza kumtoka kabla sijamaliza kuuliza.

"Nilidhani pua zilizopasuliwa ndivyo zilivyo," alisema. "Nikasema nivumilie, nitazoea. Nimesali rozari tatu."

Tukapiga simu kule hospitali. Akapokea sista mmoja, mpole sana. Kwa kuwa masikio yangu yameziba, niliweka sauti ya nje.

"Harufu ya namna gani?" akauliza.

Nikampa simu mke wangu, mimi ningejibu nini?

"Ya panya aliyekufa darini, sista."

"Inatoka ndani ya pua kabisa?"

Tukaangaliana. Sote tulikuwa na uhakika wa pua, lakini hakuna mtu aliyewahi kusogea karibu akahakikisha. Sista akasema mtu anuse taratibu, tundu kwa tundu. Kama harufu inatoka puani, tutafute gari leo leo. Atatupigia baada ya saa moja kujua.

Nani anuse? Mama Neema alijaribu. Alikuja hatua moja, mbili, ya tatu akaziba mdomo na kutoka nje. Shangazi alikuja mpaka karibu, akanusa, akanusa tena, akakiri kwamba yeye anavuta ugoro tangu hajaolewa. Harufu anaisikia, ila inatoka tundu gani hawezi kujua. "Inatoka kwako tu," alisema.

"Tumwite Mama Safari," akasema mke wangu.

Mama Safari ni jirani yetu, ndiye anayekusanya maziwa ya mtaa wetu na kuyapeleka kwenye hoteli za mjini Mbulu. Kila asubuhi tunapanga madumu mbele yake. Anafungua mfuniko, ananusa mara moja, anasema "pita" au "rudi nalo". Habishani na mtu. Dumu likioshwa vibaya anajua. Ng'ombe akila majani mabaya anajua. Katekista mwenyewe alishaambiwa arudi nalo. Niliona huyu ndiye, na niliona ataingia kimya kimya, atanusa, yataisha ndani ya familia.

Sikukumbuka kwamba leo ni zamu ya jumuiya yetu ya kanisani kuja kumwombea mgonjwa.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina," nikajibu kwa sauti ya kitanda.

Wakaingia kumi na watatu na vitabu vya nyimbo. Mama Safari alikuwa wa nne. Wakakaa, na ndani ya dakika moja nikaona mitandio inapanda puani. Mzee Boay, mwenyekiti wa jumuiya, akafungua dirisha bila kuomba ruhusa. Nikasubiri mke wangu amnong'oneze Mama Safari pembeni. Lakini Shangazi alishasimama katikati ya chumba.

"Kabla ya sala," alisema, "huyu mama wa maziwa amnuse mtoto wa kaka yangu. Hospitali wanataka jibu."

Nilitamani ardhi ipasuke. (Haikupasuka.)

Mama Safari hakucheka wala hakushangaa. Aliweka kitabu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaja.

"Mwalimu, inua kichwa."

Nikainua. Akanusa tundu la kushoto.

"Hili zima."

Akanusa la kulia.

"Zima. Dawa tu."

Mtu akasema, "Mungu ashukuriwe." Mimi nikaanza kuvuta shuka, nikidhani tumemaliza.

"Fungua mdomo," akasema. Nikafungua. "Uji," akasema, na wenzake wakaitikia kwa kichwa. "Lakini harufu ipo."

Akaendelea. Akanusa sikio. Akanusa shingo. Wale wa nyuma wakasimama ili waone vizuri. Akashuka begani, akarudi kifuani, upande wa kushoto, akasimama hapo. Akanusa mara ya pili. Katika maisha yangu sijawahi kumwona Mama Safari akinusa kitu mara mbili.

"Ni hapa."

Nikajua ni moyo. Nawaambieni ukweli, niliwaza, kumbe kilichooza ni moyo.

"Mwalimu, vua koti," akasema.

Alipotia mkono kwenye mfuko wa ndani, ndipo nikakumbuka. Ewe Mungu wangu, nikakumbuka yote kwa mara moja.

Siku ile Shangazi alipochinja kondoo, alinichomea ini. Kwao, ini la kondoo wa mgonjwa ni haki ya mgonjwa mwenyewe, haligawanywi. Akanikabidhi zima, kubwa, likitoa mvuke, akasimama mbele yangu nile. Sasa mtu aliyezibwa pua hawezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja, lazima achague. Mimi nilichagua kupumua. Lakini huwezi kumkatalia shangazi yako aliyesafiri na kondoo mapajani. Alipogeuka kumpokea mgeni, nilichukua karatasi ya mtihani niliyokuwa nasahihisha, nikaviringishia ini, nikalisokomeza ndani ya koti nimpe mbwa baadaye. Aliporudi nilikuwa najifuta midomo. Kisha nikameza vidonge vya maumivu, nikalala mpaka kesho yake, na vile vidonge vikafuta kila kitu kichwani mwangu. Siku tano nimetembea na lile ini. Nimelala nalo. Nimelipasha joto.

Mama Safari akalitoa kwa vidole viwili. Karatasi ilikuwa imeshikamana nalo, na alama nilizoandika kwa wino mwekundu zilikuwa bado zinasomeka. Wanajumuiya wawili wakatoka nje bila kuaga.

Shangazi alisogea, akalitazama.

"Ini langu," alisema.

"Shangazi, naomba nikueleze."

"Uliniambia tamu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukasema hata chumvi imekolea." Akawageukia wanajumuiya, mmoja baada ya mwingine. "Mimi sikuweka chumvi."

Mzee Boay akakohoa, akafungua kitabu, akakifunga. Akasema, "Sasa, ndugu zangu, tulikuja kuombea pua. Pua imeonekana nzima. Tuombee nini?"

"Tumwombee mwalimu aache uongo," akasema Mama Safari, na hakuwa anatania.

Simu ikaita papo hapo. Sista. Nilitaka kuikata, lakini kidole kikagusa pa kupokelea, na ile sauti ya nje ilikuwa bado ipo wazi.

"Mwalimu, mmenusa?"

"Tumenusa, sista."

"Harufu inatoka puani?"

"Hapana. Pua ni nzima."

"Vizuri sana. Kwa hiyo inatoka wapi?"

Watu kumi na mmoja waliobaki wote wananiangalia.

"Mfukoni."

"Mfukoni kuna nini?"

"Ini."

Sista akaongea polepole, kwa ile sauti wanayofundishwa kuongea na watu waliochanganyikiwa.

"Sawa, mwalimu. Usiogope. Ini la nani?"

Aliyeanza ni mke wangu. Mama Neema alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka ukuta haukutosha, akaja akakaa kitandani, ubavuni kwangu kabisa, kichwa begani kwangu, machozi yanamtoka tena. Siku zote hizo alikuwa analala kwa watoto akiniombea nisife, na mimi nilikuwa nahesabu tu vikombe vya chai. Jumuiya nzima ikafuata. Mzee Boay alichekea kwenye kitabu cha nyimbo. Shangazi peke yake hakucheka. Aliisogelea simu akasema, "La kondoo. Na mwambieni daktari, mgonjwa wake alisema tamu."

Koti limechomwa moto. Sala imesaliwa, fupi. Shangazi amempigia mwanawe, kesho anakuja na kondoo wa pili, na safari hii ameomba mashahidi wawili kutoka jumuiya, mmoja akae kushoto kwangu na mmoja kulia mpaka nimeze. Mama Safari amejitolea.

Pua ni nzima, jamani, ndiyo habari kubwa ya leo. Hayo mengine naomba msiyacheke. Mke wangu ameshacheka kwa niaba yenu wote.