Harambee ya Ushuru wa Uwanja wa Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kitale.
Hili sijawahi kumwambia mtu: nampenda Kipyegon wa ghorofa ya juu. Miaka miwili, neno moja tu. "Niaje." Na nililisema nikiangalia ukuta.

Sasa balaa! Wenye fleti hapa, Mama akiwemo, wanamuuzia Ngige wa hoteli ya jirani uwanja wa nyuma, tunakoanika nguo. Ni mali ya wote, watagawana pesa. Mama akipata fungu lake tu, tunahamia Bungoma kwa kukhu, nyanya yangu. Lazima uuzaji huu ufe.

Nimemnong'onezea Rosaline wa fleti ya chini sentensi moja: ati kuna ushuru wa faida, na muuzaji ndiye hulipa. Rosaline hahitaji spika.

Jumanne, 5 Agosti.
Inafanya kazi! Asubuhi ushuru ulikuwa robo. Mchana, nusu. Jioni Rosaline anaapa serikali itabeba uwanja, kamba, na nguo zikiwa bado mbichi. Mama hajala. Roho imeniuma. Kidogo.

Jumatano, 6 Agosti.
Mkutano. Mzee Mukhwana, mwenyekiti, akatuliza watu. Ni asilimia kumi na tano, tena ya faida peke yake. Gharama za kutengeneza uwanja zinatolewa kwanza. Ghafla kila mtu akakumbuka gharama! Rosaline, kokoto. Babake Kipyegon, ile miti. Miti imemzidi umri, bana!

Wakagombana. Nikafurahi. Halafu Mukhwana akasema ya nini kelele, si wafanye harambee ya kulipa ushuru. Makofi. Harambee! Ya ushuru!

Jumamosi, 9 Agosti.
Hema, kwaya, chai, mandazi, hapo hapo uwanjani. Mgeni wa heshima nani? Ngige! Mnunuzi mwenyewe! Mukhwana alimwalika kwa sababu ndiye tajiri wa karibu. Ngige akaangalia ule umati, akasema kumbe uwanja huu unatosha harusi za hoteli yake. Akaongeza bei. Akaahidi kulipa ushuru wote. Vigelegele. Mama alicheza mpaka kiatu kikatoka.

Kipyegon akanijia na mandazi. "Sasa. Rosaline anasema ni wewe ulianzisha hii mambo ya ushuru. Umetusaidia, bana. Na fungu letu sisi tunahamia Suam."

Nikasema, "Niaje."

Jumapili, 10 Agosti.
Mama ameanza kuomba katoni za kuhamia dukani. Mimi nimetubu kanisani. Sipangi kitu tena, kabisa.

Kurudi, nikakutana na Rosaline kwa ngazi. Nikamnong'onezea sentensi moja tu: ati mnunuzi akikulipia ushuru, hiyo nayo inaongezwa kwa faida, inatozwa ushuru.

Sasa ni jioni. Viatu vinapanda ngazi. Vingi. Namsikia Rosaline: "Mama Nabwile! Msichana wako ako wapi? Atoke atueleze vizuri! Ngige amekubali harambee ya pili!"

Wamefika mlangoni. Naficha daftari hili chini ya godo—