Mwezi wa Nne, Mwezi wa Nane, na Mdomo Wangu

Wadau, leo nimejivua nguo mbele za watu. (Siyo nguo za kweli. Tulieni.) Naandika jasho bado halijakauka, kabla dada yangu hajaniwahi kuwasimulia. Akisimulia yeye, nimekwisha.

Wengi mnamjua Rehema. Kwa msiomjua: ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu, msiniletee hesabu za Kizungu za binamu. Anakaa Gaithersburg, huku Marekani, anafanya kazi kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawatandikia, akitoka hapo anafungua vitabu. Digrii yake ya baiolojia aliipata hivyo hivyo, kwa kusinzia kwenye basi. Sasa anataka udaktari. Na mtu akimchezea Rehema, kanichezea mimi. Mimi hasira zangu ziko karibu, najua. Mama anajua. Polisi mmoja wa Alexandria, Virginia, ninakokaa, naye anajua.

Sasa, mtihani wa kuingilia chuo cha udaktari huku unafanyika mara mbili tu kwa mwaka. Mwezi wa nne na mwezi wa nane. Ukikosa, kaa.

Mimi chuo sijaenda. Lakini nimejisomea. Gari nimejifundisha kulifungua na kulifunga. (Zikabaki nati mbili, lakini linatembea.) Kiingereza nimekiokota kwenye televisheni. Na huu mtihani wa Rehema nimeusoma kuliko Rehema mwenyewe. Nilikaa maktaba siku tatu kwenye mtandao, nikatoka na jibu moja: mwezi wa nne!

"Ukifanya mwezi wa nne," nikamwambia, "majibu yanatoka mapema, maombi unatuma mapema, unawakuta wana viti bado. Ukianguka, wa nane upo, unarudia."

"Mudi, fizikia sijamaliza."

"Fizikia ni nini? Kitu kikitupwa kinaanguka. Umeshamaliza."

"Alama mbaya hazifutiki. Vyuo vinaziona zote. Mimi nataka kukaa mara moja, nikae vizuri."

"Na ukikaa wa nane, majibu yatatoka wenzako wameshaitwa kwenye mahojiano! Utapewa kiti cha mlangoni!"

Tulibishana hivyo tangu Krismasi. Kwenye simu, kwenye gari, kwenye harusi ya watu kule Landover mpaka MC akatuangalia. Mwisho akachoka. Akasema, "Nitaamua mwenyewe, nitakwambia. Na nikishaamua, ukitaja tena neno mtihani, nakata simu."

Akaamua. Akanipigia. Niko kazini wakati huo, paking ya hoteli, ghorofa ya pili kwenda chini ardhini, pale ambapo simu inashika mnara kwa huruma tu. Nikasikia: "Mudi, nime... mwezi wa n... ne. Nimeshajiandikisha. Usi... mtu yeyote." Tiii. Ikakatika.

Mwezi wa nne! Nilirukaruka peke yangu katikati ya magari ya watu. Kanisikiliza! Dada yangu msomi kanisikiliza mimi, mpaki magari!

Baada ya hapo nilijaribu mara mbili kumuuliza maandalizi. Mara ya kwanza nikasema, "Vipi, ule mti..." Akakata. Mara ya pili nikajaribu kwa ujanja: "Vipi, lile jambo la kalamu?" Akakata. Nikasema huyu yuko kwenye moto, tumwache.

Basi, leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Nikaomba ruhusa kazini. Nilishasoma kwamba mtihani unachukua siku nzima na mchana wanapewa muda wa kula. Nani atamletea dada yangu chakula? Mashine ya biskuti? Nikaamka nikapika wali na maharage, nikakaanga chapati nne. (Ndiyo, idadi hiyo hiyo. Niliona ni bahati.) Nikafunga kwenye hotpoti, nikavaa shati la Idi, nikaivaa Beltway, ile barabara ya kuzunguka Washington.

Chuo wanachofanyia nilikijua, ndicho kilicho karibu naye kuliko vyote. Saa sita kasoro nimesimama nje ya jengo na hotpoti mkononi. Vijana wakaanza kutoka. Wamepauka! Mmoja anazungumza na ukuta. Nikamtafuta Rehema. Hayupo. Wakaisha. Hayupo. Nikamfuata mama mmoja mwenye orodha, nikamtajia jina, nikamwandikia herufi moja moja. Akapitisha kidole karatasi nzima.

"Huyo hayumo," akasema.

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Hayumo.

Nikapiga simu ya Rehema: imezimwa. Nikampigia Akinyi, wanakaa naye nyumba moja.

"Rehema? Ako job."

"Job gani?!"

"Job ya job, Mudi. Aliingia asubuhi. Kwani ana job ngapi?"

Hapo ndipo mambo yaliponipanda kichwani. Kwa sababu Rehema amekuwa akilalamika miezi na miezi kuhusu supavaiza wake. Mama wa ratiba, anamwita. Eti kumuomba Jumamosi ni kama kumuomba figo. Nikaunganisha mwenyewe. (Nimejifundisha.) Huyu mama amemnyima ruhusa! Mtoto wa watu kajiandikisha, kasoma, halafu siku ya mtihani analazimishwa kutandika vitanda! Na jina hata kwenye orodha wamelifuta!

Nikaangalia saa. Mchana wanarudi ndani saa saba. Nikasema, nusu mtihani nao ni mtihani. Nitamtoa.

Sitaki kuwaambia nimeendeshaje kwenye ile barabara kuu ya 270. Mjue tu maharage yalimwagika.

Nikafika. Mapokezi kuna daftari la wageni, dada wa pale akaniambia andika jina. Nikapita. "Sir! Sir!" Sir yuko vitani. Nikasukuma mlango wa kwanza ulionikabili, nikajikuta katikati ya ukumbi wa chakula. Wazee kama ishirini, na vitambaa shingoni, wanakula supu. Vijiko vimesimama hewani. Na mbele pale, na faili lake, kasimama mama mmoja mnene wa miwani, kibandiko kifuani: Margaret, Supervisor.

Ndiye!

Nikamnyooshea hotpoti, nikatoa Kiingereza changu chote kwa mpigo mmoja. Nikamwambia anaua daktari. Nikasema, "You are killing a doctor! In this building! Today!"

Jamani. Wale wazee.

Bibi mmoja akaangusha kijiko. "Nani kauawa?" Babu wa kifaa cha masikioni akamuuliza jirani yake, jirani akapaza sauti: "Daktari! Daktari kauawa!" Babu mwingine akaanza kujisukuma na kiti chake kuelekea mlangoni, kwa kasi ambayo nadhani hata yeye hakujua anayo. Kuna bibi mmoja tu aliyeendelea na supu yake. Akasema alikuwa hampendi yule daktari tangu mwanzo.

Yule supavaiza hakutikisika. Akaniambia kwa Kiingereza kilichonyooka nitoke, la sivyo ataita walinzi. Kwa jinsi alivyokitoa, na lile jina la Margaret, nikamchukulia ni mzaliwa wa huku huku. Nikamgeuzia mgongo, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili nipoe: "Limama lina roho ya kwa nini hili, hata shetani akaombe kozi kwake!"

Nyuma yangu nikasikia:

"Ati niko na roho gani?"

Wadau. Kiswahili!

"Roho ya kwa nini," akarudia, polepole, anaionja. "Hiyo ni roho gani? Mimi ni mtu wa Nyeri, kijana. Kwetu hatuna hiyo. Hebu nieleze."

Ungeeleza wewe? Nilisimama na hotpoti linadondosha maharage kwenye zulia, naeleza maana ya nahau kwa mtu niliyemtukana kwa nahau hiyo hiyo. "Ni... ni mtu ambaye, mama, hapendi mwenzake apate."

"Aha. Na mimi ndio huyo."

"Siyo... ilikuwa kwa jumla tu, mama."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Rehema, na trei ya vikombe vya jeli.

"Mudi?!"

Nikapata nguvu mpya. Ukweli umefika! "Rehema! Vua hiyo epron! Gari liko mlangoni, saa saba wanaanza nusu ya pili!"

"Nusu ya pili ya nini?"

"Ya mtihani! Wa udaktari! Usimwogope huyu, niko hapa! Si ulinipigia ukaniambia mwezi wa nne?"

Akaweka trei mezani. Taratibu sana. Nimekua naye, najua akifanya vitu taratibu ni wakati wa kukimbia.

"Nane," akasema.

"Nini?"

"Nane, Mudi. Mwezi wa NANE. Nilikwambia nane."

Ukumbi mzima unaniangalia. Wale wazee Kiswahili hawakijui hata mmoja, lakini sura ya mjinga haina lugha.

"Mimi... nilisikia nne."

"Ulisikia ulichotaka kusikia! Kama kawaida yako!"

Hapo ningekubali ardhi ipasuke. Lakini kilichonimaliza siyo hicho. Kilichonimaliza ni kilichofuata. Akamwangalia supavaiza, akaniangalia mimi, akasema kidogo kidogo: "Sikuwa nimemwambia, Mudi. Nilisema usimwambie mtu yeyote. Jumamosi za kiangazi hapa zinagombewa. Nina barua ya kuomba hiyo moja tu, wiki mbili iko mfukoni, namvizia siku akiwa na furaha."

Wadau, mimi ni mtu wa kelele. Nimeendesha gari kutoka Virginia kuja kumtetea dada yangu, nikamtukana mtu mmoja tu kwenye bara zima la Amerika mwenye kalamu ya kumpa ile siku!

Mama wa Nyeri akanyoosha mkono. "Lete."

"Madam, naweza kuja baadaye..."

"Rehema. Lete barua."

Akaitoa. Imekunjwa mpaka imelainika kama kitambaa. Yule mama akasoma, miwani kwenye ncha ya pua. Akasoma tena. Wazee nao wamenyoosha shingo, kana kwamba ni hukumu yao.

"Unataka kuwa daktari."

"Ndiyo, madam."

"Na uliniogopa."

Rehema akajifuta mikono kwenye epron.

"Mimi nilikuja hii nchi nikitaka hiyo hiyo kitu," akasema. "Kila mwaka nikisema mwaka ujao. Watoto, shifti, mwaka ujao. Sasa naandika ratiba." Akabonyeza kalamu. "Mwezi wa nane. Umesoma fizikia?"

"Bado kidogo."

"Basi umeamua vizuri. Usimsikize mtu akikuharakisha." (Hakuniangalia. Hakuhitaji.) Akasaini pale pale, juu ya mgongo wa kiti cha babu mmoja. "Nakupatia hiyo Jumamosi, na Ijumaa yake ulale. Lakini kuna masharti. Huyu asikuje. Asikupeleke, asikuchukue, asikuletee lunch."

"Nakubali!" nikasema.

"Sijakuuliza. Na wewe umeniharibia lunch ya watu. Nawa mikono, chukua hiyo trei, ugawe jeli. Ukifika kwa kila mmoja, umuombe msamaha, umwambie hakuna mtu ameuawa. Na umwambie mtihani ni mwezi gani. Kwa sauti. Hawasikii vizuri."

Nikagawa. Shati la Idi, na epron ya maua juu. Meza kwa meza, naomba radhi, hakuna aliyekufa, mtihani ni Agosti. Babu wa kifaa cha masikioni akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema hakusikia. Nikapaza: AGOSTI! Meza ya pili wakadhani ni mchezo, wakaitikia. Kufika meza ya mwisho ukumbi mzima unapiga vijiko, Agosti! Agosti! na dada yangu daktari mtarajiwa amekaa chini jikoni, kashika tumbo, anacheka mpaka machozi. (Zile chapati kala yeye na supavaiza wake. Mimi sikupewa.)

Nimetoka pale saa kumi. Rehema kanisindikiza mpaka kwenye gari. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Wewe ni mpumbavu, lakini ni mpumbavu wangu." Nikaanza, "Sasa fizikia, mimi naona uanze na ile sura ya..." Akaufunga mlango wa gari. Mkono wangu ukaponea chupuchupu.

Sasa lililobaki. Ninyi nyote niliowaandikia jana hapa hapa mtandaoni kwa herufi kubwa kwamba mfunge na kuomba leo, Waislamu kwa Wakristo, na najua wengine mmefunga kweli: naomba radhi, kaleni. Dua zenu zimefika, ila zimefika mapema. Mungu azishikilie kwenye paking kwa miezi minne.

Na msicheke. Aliyefunga bure ana haki ya kutabasamu kidogo, lakini naye asitoe sauti.