Andiko la Mtaa Usiojua Kusoma

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe katoa hukumu: ruzuku isipopatikana, chumba chetu cha kusomea anakitia kuku. Chumba chake, kuku wake, na binti yake ndiye mke wangu. Sina pa kukata rufaa. Watoto wa mtaa watasomea wapi? Na mimi nitakuwa mkurugenzi wa nini?

Nimeanza andiko la mradi. Mke wangu, ambaye ndiye hasa anayefundisha, anataka niandike ukweli: walikuja hawajui herufi, sasa wengi wanasoma. Maskini, hawajui wafadhili! Mfadhili hatoi kitu mpaka alie. Jirani yetu Miwani, mwenye kikundi cha ushonaji, alipata ruzuku kwa picha ya cherehani mbovu. Cherehani! Mimi nina watoto.

Jumanne, 4 Machi
Sehemu ya tatizo imekamilika. Nimeandika kwamba mtaani kwetu hakuna mtoto hata mmoja anayejua kusoma. Nilipoirudia, machozi yakanilenga. Mke wangu kauliza, kama ni hivyo, tumekuwa tukifanya nini miaka yote hii. Wivu tu. Nimetuma.

Ijumaa, 14 Machi
Wamejibu! Afisa wao anakuja Jumatatu kujionea. Nimeitangaza habari mlangoni kwa Miwani, kwa sauti. Kisha nimebandua kazi za watoto ukutani na kuficha vitabu chini ya kitanda cha mama mkwe. Watoto nimewaagiza wanyamaze na wakodoe macho.

Jumatatu, 17 Machi
Balaa! Afisa, mama mpole, kaweka andiko langu mezani. Watoto kimya, macho kodo. Safi kabisa. Nikaenda kumletea chai. Kurudi, binti wa fundi viatu kalishika andiko, analisoma kwa sauti bila kukwama: hakuna mtoto hata mmoja... Kaniuliza kama yeye si mtoto. Afisa kampongeza mke wangu kwa mikono miwili. Mimi kaniambia kwao mwongo hapati hata senti. Chai yangu hakuigusa.

Jumatano, 19 Machi
Kuku wameingia. Mke wangu na watoto wamehamishia masomo kwa Miwani, katikati ya vyerehani. Afisa kamshauri aandike andiko lake mwenyewe. Kaandika kurasa mbili, ukweli mtupu. Nimemwonea huruma.

Ijumaa, 11 Aprili
Kapata ruzuku! Nimempa hongera, roho inaniuma. Mama mkwe kapika, kamwalika hadi Miwani. Mimi nimeachiwa kulisha kuku.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nimesikia kuna mfadhili wa ufugaji. Nimekaa humu chumbani nikaandika kwamba mtaani kwetu hakuna kuku hata mmoja aliyebaki hai. Jogoo kawika katikati ya sentensi, nikamtupia kandambili. Wakija kukagua, waje tu. Safari hii sina wasiwasi. Kuku hawajui kusoma.