Mke Wangu Chini ya Ramani ya Tanganyika

Jamani, leo nimeaibika. Tena si aibu ya kuteleza kwenye tope, ukainuka ukajipangusa yakaisha. Ni aibu ya darasani, mchana kweupe, watu wamejaa mpaka madirishani. Nawaandikia nyie wa Iringa upesi, kabla dereva wa basi hajawafikishia habari kwa namna yake.

Bwana Kassim mnamjua, yule mtu wa pwani anayekusanya hadithi za kuchapwa vitabu. Alipopita kwenu mliniandikia kwamba ni mpole ila ana maswali. Ana maswali kweli! Jana kafika Mbeya, akasema wenye miswada tusome sura moja moja mbele ya watu, halafu atachagua mmoja tu. Tulikuwa wawili. Mwenzangu kaandika habari za ufugaji wa nyuki. Nikajua kitabu kitakachochapwa ni changu. (Nilijua! Mtu mzima na akili zangu!)

Kitabu changu nimewachosha nacho tangu tuko chuo cha ualimu. Kina Mwalimu Daudi, kijana Mnyakyusa aliyesoma, asiyekubali mkewe amkimbie baba mkwe. Nyie Wahehe na Wabena niwakumbushe: kwetu Rungwe mke wa mtu haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, wala mzee hasikii sauti yake. Wakikutana njiani, mke anaingia majanini anajifunika mpaka mzee apite. Nikiwa mdogo nilimwona mama yangu kajikunyata kwenye migomba, mvua inamnyeshea, na babu anapita taratibu kama hakuna mtu. Nilikasirika sana siku ile. Hasira ile ndiyo iliyoandika kitabu, na hilo si uongo.

Uongo ni Mwalimu Daudi. Daudi anamshika mkewe mkono, anamsimamisha mbele ya wazee, anatoa hotuba ya kurasa tatu. Mimi je? Miaka sita ya ndoa, baba akija kututembelea, mimi ndiye ninayemsukuma mke wangu Tupokigwe atoke kwa mlango wa nyuma. Mlango wenyewe niliutoboa mwenyewe kwa kazi hiyo.

Asubuhi Tupo alikuwa anapiga pasi suruali yangu. Akaniuliza, "Huyu mke jasiri wa kwenye kitabu chako, umemtoa wapi?"

"Kwako wewe, mke wangu."

"Kwangu? Lini?"

Nikamwambia avae gauni la kanisani, tunachelewa.

Darasani nilimkalisha mbele kabisa, karibu na meza yangu, ili Bwana Kassim aone kwamba mimi si mtu wa maneno matupu. Bwana wa nyuki akasoma kwanza. Watu wakapiga miayo kidogo. Nikasimama mimi. Jamani, nilisoma! Mkono mmoja mfukoni, mmoja hewani. Nilipofika pale Daudi anaposema, "Mke wangu si mwizi hata ajifiche," akina mama wakapiga vigelegele.

Bwana Kassim akainua kidole. Mkononi ana nakala yangu iliyopigwa taipu, anafuatisha mstari kwa mstari.

"Samahani, mwalimu. Haya umeyapitia mwenyewe, ama umeyabuni tu?"

Hapo ningeweza kusema, "Nimebuni." Nani angenifunga? Hapana. Nikavuta pumzi, nikatoa kifua mbele.

"Nimeyapitia, bwana. Nyumbani kwangu mila hiyo haina nafasi. Mwandishi asiyeishi anayoyaandika ni tapeli."

Wakapiga makofi. Tupo hakupiga. Aliangalia viatu vyake.

Makofi hayajaisha, nikasikia kikohozi nje. Mara mbili. Kho, kho.

Baba yangu hukohoa hivyo kabla hajafika mahali, makusudi, ili wakwe wapate nafasi ya kujificha. Kikohozi kile ningekitambua hata nikiwa kaburini. Nikachungulia dirishani. Kofia yake, koti lake refu, fimbo yake, anakuja moja kwa moja mlangoni! (Baadaye nimeambiwa alikuja mjini kununua jembe, akafika kwangu akakuta kumefungwa, jirani akamwelekeza shuleni. Jirani huyo sitamsalimu mwaka huu.)

Darasa lile lina mlango mmoja tu. Sikufikiri. Nawaapia, kichwa changu hakikuhusika, mikono tu ndiyo iliyofanya kazi. Nilirukia ukutani, nikaing'oa ile ramani kubwa ya kitambaa, nikamtupia Tupo kichwani.

"Jifunike! Baba huyo!"

Fimbo ya chini ya ramani ilimpitia Bwana Kassim, kofia yake ikadondoka. Mke wangu akawa hayupo. Ikabaki Tanganyika imekaa kwenye kiti, Ziwa Viktoria utosini, miguu miwili inatokeza upande wa Ruvuma.

Nusu ya watu mle ni Wanyakyusa, walielewa upesi kuliko nilivyotaka.

Baba alifika mlangoni, akageuka, akatupa mgongo. Akaniuliza kwa Kinyakyusa, akiutazama uwanja wa mpira, "Mwanangu, yumo humo?"

"Yumo, tata."

"Amejifunika?"

"Amejifunika, tata."

"Vema. Nitakaa hapa nje chini ya dirisha. Nimesikia unawasomea watu. Endelea, na mimi nisikie."

Nikamgeukia Bwana Kassim kwa macho ya kumwomba tuahirishe. Yeye kaokota kofia, kaipangusa, kaivaa.

"Endelea, mwalimu," akasema. "Tulikuwa ukurasa wa kumi na moja."

Ukurasa wa kumi na moja! Pale Daudi anapomwambia baba yake, "Baba, mila hii imeoza, na leo inakufa." Baba yangu anajua Kiswahili vizuri, alifanya kazi Chunya kwenye dhahabu. Nikasoma hivi:

"Daudi akamwambia baba yake, 'Baba, karibu, pole na safari.'"

"Samahani," Bwana Kassim akasema, tena kwa sauti ya kutosha. "Mimi hapa naona 'mila hii imeoza.'"

Dirishani ikaingia sauti ya baba. "Nini kimeoza?"

"Hakuna kitu, tata! Ni ndizi, tata!"

Watu wakaanza kucheka kwa kujificha nyuma ya vitambaa. Nikageuza ukurasa, nikaanza kusoma sura nyingine kabisa, habari za mavuno, sauti yenyewe kama ya mgonjwa. Na hapo ndipo ramani ilipozungumza.

"Soma ulivyoandika!"

Ni Tupo. Kwa sauti kamili. Miaka sita baba hajaisikia sauti ile hata kwa kupiga chafya. Kicheko kikakatika. Mama mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu." Nilijua kwetu neno kama lile linaweza kuvunja nyumba, na nyumba yenyewe ni yangu.

Baba akauliza kutoka nje, "Huyo ndiye mkwe wangu?"

"Ndiye, tata. Nisamehe, tata."

"Kumbe mwenye kitabu ni yeye."

Darasa likapasuka! Watu walipiga madawati, bwana wa nyuki alitoka nje machozi ya kicheko yanamtoka. Nilisimama pale na karatasi zangu kama mtoto aliyesahau shairi siku ya wazazi. Baba akangoja watulie, akasimama, bado katupa mgongo.

"Mwambie sauti yake nimeisikia," akasema. "Tena sijafa."

Akaenda zake kutafuta jembe.

Bwana Kassim alinirudishia mswada wangu palepale. Hakuwa na dharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Nachukua kitabu cha nyuki," akasema. "Yule bwana mikono yake imejaa alama za kuumwa. Huyu Daudi wako, mwalimu, mimi simjui, na nadhani nawe humjui. Lakini huyo mtu aliyeng'oa ramani namjua vizuri sana. Juma lijalo napita tena nikitoka Tukuyu. Niandikie yeye."

Basi nimekaa mezani naandika upya. Daudi nimemfukuza kitabuni, na hotuba yake ya kurasa tatu. Mwalimu wa sasa ni mwoga. Kila mstari naona haya, lakini kalamu inakwenda, sijalazimika kubuni hata neno.

Tupo kasimama nyuma yangu anasoma. Nilimwandika akiitupa ramani chini na kusimama wima, macho yanawaka. Akanipokonya kalamu, akafuta.

"Sikusimama," akasema. "Nilikuwa natetemeka, nimeshika kiti. Nilisema hivyo hivyo natetemeka. Andika hivyo."

Nimeandika hivyo. Na nyie wa Iringa nawasihi msicheke bado. Subirini kichapwe, ili mnicheke kwa kununua.